Kibodi ya kudumu ni ile inayofunguka

Ninafasiri nyaraka kwa riziki, na nyumba yangu iko Raskazone, Tanga, ambako hewa ya bahari inaingia ndani bila hodi. Ndiyo maana boksi la kibodi likijinadi kwa mibonyezo milioni 100, halinitikisi. Hiyo ni hesabu ya mibonyezo tu. Chumvi, vumbi na chai havimo.

Mimi kwanza naigeuza kibodi nitazame mgongo. Kuna skrubu, au imegandishwa kwa gundi? Waya unachomoka? Kwangu waya ndio huanza kufa, pale unapojikunja karibu na plagi. Ukiwa wa kuchomoka, unanunua mwingine maisha yanaendelea.

Halafu swichi, yaani kile kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe. Cherry MX ya Wajerumani ipo tangu miaka ya 1980, na kibodi nyingi za sasa zimeiga umbo lake. Ukibonyeza, springi inashuka na vibati viwili vinagusana. Cherry huweka dhahabu hapo kwenye mguso kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Hata hivyo, uchafu ukijipenyeza, kitufe huanza kuandika mara mbili: unataka "kazi", unapata "kaazi". Kama swichi ni za kuchomoa kwa mkono, tatizo hilo ni la dakika chache. Kama zimelehemiwa, mpelekee fundi redio. Swichi inashikwa na miguu miwili tu. Na tafadhali, WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza vyuma, ibaki kwenye bawaba za mlango.

Ninayoipenda kuliko zote ni IBM Model M, ya ukoo uliotoka mwaka 1985. Nzito, ina kelele, wa nyumbani kwangu wameshazoea. Chini ya kila kitufe kuna springi inayopinda ghafla na kupiga kinyundo kidogo. Mlio na mguso vinakuja pamoja, kidole kinajua herufi imeingia kabla jicho halijaona. Vitufe vyake ni vya plastiki ya PBT, haing'ai upesi kwa jasho la vidole kama ABS, plastiki ya vitufe vingi vya kawaida. Kampuni ya Unicomp huko Kentucky, Marekani, imeendelea kutengeneza za aina hiyo. Nyingi za zamani zina plagi ya duara, PS/2, kwa hiyo kwenye kompyuta ya USB utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake. Vile vya bei ya chee mara nyingi havifanyi kazi.

Kusafisha hakuna siri. Piga picha ya mpangilio kabla hujang'oa kitu. Vitufe ving'oe kwa king'oleo cha waya, maana kile cha pete ya plastiki hukwaruza ubavu wa vitufe. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha viache vikauke hasa. Maji hupenda kujificha kwenye kitundu cha chini. Fremu ipitishie brashi kavu, na pamba yenye spiriti kidogo pale penye utando. Usiku mimi naifunika kwa kipande cha khanga.

Ukiikuta Model M kwenye mtumba, itikise karibu na sikio. Sahani yake ya chuma imeshikwa na vijiti vya plastiki ambavyo hukatika kwa uzee. Dawa ipo: unatoboa na kutia skrubu ndogo mahali pake, kazi ya jioni nzima. Kwa hiyo ukisikia vipande vikicheza ndani, anza kushusha bei.