Vitabu vya Hadithi Katika Gredi ya Kwanza

Ninafundisha gredi ya kwanza katika shule ya msingi iliyoko Eastlands, Nairobi. Vitabu vya kiada havikuwa tatizo letu, kwa kuwa mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulilenga kila mwanafunzi wa madarasa ya chini awe na nakala yake. Kilichokosekana ni vitabu vya hadithi ambavyo mtoto angevishika kwa hiari yake.

Nilianza kwa wauza mitumba wa katikati ya jiji, lakini vitabu vyao vingi ni vya Kiingereza na vimejaa theluji. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao huweka mtandaoni hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayoruhusu kuzichapisha. Nilizichapisha katika saiba jirani, na fundi cherehani akanishonea migongo, maana pini za stepla huchomoka na kuwachoma watoto.

Katika kuchagua, nilitazama urefu wa maneno kuliko kitu kingine chochote. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyezimudu silabi husoma "paka amelala" bila taabu, lakini akikutana na "walipomkimbilia" hufika mwisho akiwa ameshasahau mwanzo. Hadithi nyingi zinazosemekana kuwa za wanaoanza kusoma hazizingatii jambo hilo, nami niliziacha hata zilipokuwa na picha za kuvutia.

Vitabu nilivining'iniza kwenye kamba ukutani kwa vibanio vya nguo, majalada yakitazama darasa, ili asiyejua kusoma kichwa cha hadithi achague kwa picha. Hata hivyo, kilichogombaniwa kuliko vyote ni kile tulichokitunga wenyewe: watoto walisimulia na kuchora, mimi nikaandika. "Matatu imejaa. Mama ameingia. Matatu imejaa. Kuku ameingia." Msichana mmoja ambaye kwa kawaida alinyamaza kila alipoitwa kusoma aliweka kidole chini ya neno, akasema "i-me-ja-a", akalirudia kwa mkupuo mmoja, kisha akamfungulia jirani yake ukurasa wa kuku huku akicheka. Sentensi inayojirudia humpa mtoto mahali pa kupumzika kabla ya neno jipya, na ndiyo maana sasa naitafuta katika kila hadithi.

Siku ya Ijumaa kila mtoto huenda nyumbani na kitabu kimoja, nami huandika jina lake daftarini. Vingine hurudi na madoa ya chai. Vilivyochanika hubandikwa selotepu na kurejea kambani. Wanaomaliza vyote nimewaomba wazazi wawapeleke maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, huku nikiendelea kutafuta hadithi ndefu kidogo za kuwafaa kabla hawajaingia gredi ya pili.