Kushuka Ngomo kwenda Uvira

Jimbo letu la Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC), lina teritwari 8, yaani sehemu za utawala kama wilaya, na wengi wetu tuliokulia Bukavu tunazijua kwa majina tu. Shabunda peke yake, nchi ya misitu, inachukua zaidi ya theluthi ya jimbo. Idjwi ni kisiwa kizima katikati ya Ziwa Kivu. Nilitaka kuziona kwa macho, nikaanza na barabara ya Uvira. Hiyo ilikuwa kabla vita havijaingia Bukavu Februari 2025.

Tulipita Panzi, mtaa wa Bukavu, asubuhi na baridi yake, tukaikata teritwari ya Kabare upesi, tukaingia Walungu kwa upande wa Nyangezi: migomba, maharagwe, vilima vilivyolimwa mpaka juu.

Halafu Ngomo. Hapo barabara inajipinda ubavuni mwa mlima, vumbi jekundu, na upande wa pili ni bonde tupu. Lori likitokea mbele, mmoja lazima arudi nyuma mpaka apate pa kujibanza. Abiria wote walinyamaza. Chini kule Mto Ruzizi ulikuwa unashuka pamoja nasi, ukiyatoa maji ya Kivu, yaliyo kwenye mita 1,460, kuyapeleka Ziwa Tanganyika, karibu mita 700 chini yake.

Kamanyola joto lilitupokea. Mama aliyeketi kando yangu alivua sweta, akaikunja ndani ya kikapu, akamwambia dereva: "Papa, fungula dirisha, huku njo kwetu." Na Kamanyola bado ni Walungu! Teritwari hiyohiyo ina watu wanaoota moto jioni na wengine wanaolala nje kwa joto. Anayepanga kilimo au barabara za Walungu bila kuteremka Ngomo anaijua nusu yake tu.

Kuanzia Luvungi ni tambarare: mpunga, muhogo, ng'ombe wenye pembe ndefu. Sange na Kiliba tulizipita mbio.

Uvira imebanwa kati ya ziwa na milima. Sokoni nilikuta samaki wa ziwa: ndagala (dagaa) wamekaushwa, na mukeke wabichi. Hata sambaza, samaki wetu wadogo wa Bukavu, asili yao ni Tanganyika. Waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Na juu ya mji kuna nyanda za Itombwe, zenye vilele vinavyopita mita 3,000, ambako baridi inaanza upya.

Kusini ya hapo ni Fizi. Gari la kwenda mji wa Baraka lilikuwa tayari linaita abiria, nikapanda.