Ninavyowalinda wanangu mtandaoni tukiwa nyumbani

Wazazi tukizungumzia watoto na intaneti, hofu ya kwanza huwa picha chafu. Mimi pia nilianzia hapo, kwa kuwa ndipo kazi ilipo nyepesi. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, nikaondoa DNS iliyokuja nayo (huduma inayopokea jina la tovuti na kukionyesha kifaa njia ya kuifikia), nikaweka za familia za kampuni ya Cloudflare: 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hazilipiwi. Simu au kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi yetu ikitafuta tovuti ya ngono, au inayojulikana kusambaza virusi, haionyeshwi njia, na ukurasa haufunguki. Halafu nikabadili nywila ya kuingilia ruta yenyewe. Ile ya kiwandani mara nyingi imebandikwa chini yake, na wanangu wote wawili wanajua kusoma.

Kichujio hicho kinatambua jina la tovuti tu. Kilichomo ndani ya video ya YouTube hakikijui, na mtoto akiwasha bando la simu, kazi ya kichujio imekwisha. Ndiyo maana kwenye simu ya Android ya binti yangu niliandika family.cloudflare-dns.com mahali pa DNS ya faragha, kimfuate hata akitoka kwenye Wi-Fi. Mdogo wake ana miaka 8. Akaunti yake nilimfungulia kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, maana katika nchi nyingi Google hairuhusu aliye chini ya miaka 13 ajisimamie mwenyewe. Kila programu anayoitaka, ombi linakuja kwangu kwanza. (Jiandae kuombwa magemu mpaka uchoke.)

Ila hayo yote yanazuia vitu. Watu hayawazuii, na mimi watu ndio wanaoninyima usingizi.

Jioni moja mdogo alikuwa anacheza gemu kwenye kishikwambi, sebuleni, ambako ndiko vifaa vyote vinatumika. Akainua kichwa. "Mama, huyu anauliza nasoma darasa la ngapi. Nimwambie?"

"Ngoja kwanza, nione."

Nikasoma kuanzia juu. Huyo mtu alikuwa amempa silaha za bure ndani ya gemu, akamsifia uchezaji, akauliza umri, kisha darasa. Ujumbe wa mwisho ulimtaka wahamie programu nyingine ya kuchati, eti huku kuna kelele. Sikumfokea mwanangu. Nilipiga picha za skrini kabla ya yote, kwa sababu ukishamzuia mtu, maneno yake yanaweza kupotea na ushahidi nao. Tukamripoti, ndipo tukamzuia. Baada ya hapo nikafunga gumzo libaki kwa wale anaowajua ana kwa ana, yaani binamu zake na watoto wawili wa darasani.

Nilimwita dada yake naye aone ule mfuatano: zawadi, sifa, maswali, kisha kuhamishwa. Wameushika kuliko orodha yoyote ya makatazo niliyowahi kuwasomea. Na wote wawili nimewaahidi kwamba atakayeniletea jambo la namna hiyo hatanyang'anywa kifaa. Mtoto akishajua kuwa kusema kutamkosesha simu, atanyamaza, na mtu kama yule anautegemea sana ukimya huo.

Usiku simu zinachajiwa chumbani kwangu. Hilo halina mjadala.

Binti ana miaka 12, na majuzi kaniuliza kama ni kweli VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za mtu mwingine, inafungua kila kitu. Nikamwambia ndiyo, inaweza kukipita kichujio changu, lakini mwenye hiyo VPN naye anaona tovuti unazokwenda, na nyingi za bure hatujui zinaendeshwa na nani. Ningeweza kumdanganya, ila jibu angelipata kwa wenzake siku hiyohiyo. Jumbe zake sizisomi, naye anajua ni nini ninachoweza kukiona na nini siwezi. Sasa anataka WhatsApp. Nimemjibu asubiri afikishe miaka 13, na siku hiyo tutaanza na mpangilio wa nani anaweza kumwongeza kwenye makundi.