Nimewaficha fundi na nakala

Steshenari ninayoihudumia karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, ina kompyuta za mtumba ambazo Windows mpya imezishinda, kwa hiyo nilizipa Linux Mint, mfumo wa kompyuta wa bure, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, na zinapiga kazi bila kulalamika. Kila moja ina akaunti nne: mteja, kaunta, fundi na nakala. Fundi ndiyo yangu. Nakala haina mwenyewe. Usiku seva ndogo ya chumba cha nyuma inaingia kwa akaunti hiyo kupitia SSH, njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mtandao, inachota mafaili ya kaunta, inatoka.

Kero ni kwamba skrini ya kuingilia ilikuwa inaorodhesha majina yote manne. Mteja kaja kuchapa barua ya maombi ya kazi, basi lake linaondoka muda si mrefu, anakuta orodha ya watu asiowajua. Anabofya jina lolote, anaombwa pasiwedi, anajaribu 123456, halafu jina la timu yake. Kisha: "Dada, kompyuta yako imenikataa!" Dada wa kaunta aache kutoa kopi aende kumwelekeza. Kuna mzee aliwahi kumuuliza kabisa: "Huyu Nakala mbona kwenye kompyuta yupo kila siku, ofisini simwoni?"

Kwanza ujue kwa nini Nakala alionekana wakati akina root (msimamizi mkuu), www-data (akaunti ya seva ya tovuti) na wenzao hawaonekani. Linux huhesabu akaunti zenye namba, yaani UID, kuanzia 1000 kwenda juu kuwa za watu wa kawaida. Za chini ya hapo ni za mfumo, hazipandi kwenye skrini. Ukitengeneza akaunti ya huduma, isiyo ya mtu, kwa amri ya useradd tupu, inapewa namba ya watu, nayo inajipanga foleni na watu. Ungeiongezea -r, yaani akaunti ya mfumo, tangu mwanzo usingekuwa na kazi ya kuificha. Kubadilisha namba baadaye inawezekana kwa usermod -u, ila mafaili yaliyo nje ya folda yake ya nyumbani yatabaki na namba ya zamani mpaka uyapitie mwenyewe kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili. Mimi sina muda huo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakwama. Mint inatumia LightDM kwenye skrini ya kuingilia, na LightDM ina faili la /etc/lightdm/users.conf lenye mstari unaoitwa hidden-users. Mtu anaandika majina pale, anazima, anawasha, majina yapo vilevile, anaanza kulaani Linux. Lakini lile faili lenyewe limeandikwa juu kabisa kwamba AccountsService, huduma inayotunza orodha ya akaunti, ikiwepo, mipangilio hii haifuatwi. Na kwenye Mint au Ubuntu ya kawaida ipo. Yeye ndiye mwenye daftari la majina, LightDM anasomewa tu.

Kwa hiyo unakwenda kwa mwenye daftari. Kwa ruhusa ya root unafungua /var/lib/AccountsService/users/nakala. Kama akaunti haijawahi kuingia kupitia skrini ya kuingilia huenda faili halipo, litengeneze mwenyewe. Ndani:

[User]
SystemAccount=true

Faili likiwa na mistari mingine, iache, ongeza huo wa pili tu chini ya [User]. Kisha piga amri ya sudo systemctl restart accounts-daemon kuiwasha upya AccountsService, toka kwenye akaunti, utaona. Usiwashe upya lightdm yenyewe kama kuna mteja katikati ya CV yake, maana madirisha yake yote yatafungwa na utamlipia wewe.

Ubuntu yenye GDM, skrini nyingine ya kuingilia badala ya LightDM, inasoma faili hilohilo. Wenye mwonekano wa KDE na skrini ya kuingilia ya SDDM wana njia yao: kwenye /etc/sddm.conf, chini ya [Users], unaandika HideUsers=fundi,nakala.

Kabla ya kumficha fundi, hakikisha una mlango wa kumwingilia. Kwenye mipangilio ya Mint ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji, ruhusu mtu kuandika jina lake mwenyewe. Ndiyo ileile greeter-show-manual-login=true. Bila hiyo utabaki na Ctrl+Alt+F2 na skrini nyeusi ya maandishi, ambayo kwangu si tatizo, ila siku nikiwa Dodoma nani ataeleweshwa kwa simu?

Bosi alipoona jina langu limetoweka akafurahi: "Sasa wezi hawatatuweza." Nikamwambia hapana, mama, hii ni usafi wa mezani tu. Yeyote aliyeingia kama mteja akiandika getent passwd anawaona wote, na faili la /etc/passwd linasomwa na kila mtu. SSH nayo haijali skrini inaonyesha nini. Ulinzi wa kweli niliuweka kwingine: nakala pasiwedi yake nimeifunga kwa passwd -l na inaingia kwa ufunguo wa SSH peke yake, mteja hana sudo, yaani ruhusa ya kutenda kama root.

Akataka basi tufiche orodha yote, kila mtu aandike jina. Nimekataa. Mteja anayehangaika kuitafuta alama ya @ kwenye kibodi umwambie tena aandike jina la akaunti?

Laptopu ya bosi ya Windows ndiyo bado tunajadiliana. Huko ni kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows: HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, unatengeneza ufunguo SpecialAccounts, ndani yake UserList, halafu DWORD (kipengele cha namba) yenye jina la akaunti na thamani 0. Shida ni kwamba akaunti anayotaka niifiche ndiyo pekee yenye mamlaka ya usimamizi, na lile dirisha la kuomba ruhusa ya kusakinisha programu nalo linaweza kuacha kuionyesha. Nimemwambia tutengeneze msimamizi wa pili kwanza. Amesema atafikiria.