Siku moja maishani mwangu: juisi kutoka Tandika hadi Keko, Dar es Salaam

Saa 10 alfajiri
Kazi ya leo ilianza jana usiku. Kilo moja na nusu ya ukwaju imelala kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya ndoo ya plastiki. Si sufuria ya alumini, jamani. Ukwaju una uchachu wa kula alumini, na juisi inatoka na ladha ya chuma. Nililijua hilo baada ya kumwaga ndoo nzima, miaka hiyo nikiwa bado mgeni wa biashara.

Nanawa mpaka kwenye viwiko, naingiza mikono, nafikicha. Kokwa zinateleza, nyuzi zinabaki vidoleni. Nachuja mara mbili, naongeza maji (yote yalichemshwa jana yakapoa yakiwa yamefunikwa), sukari na iliki iliyotwangwa. Zinatoka lita 10.

Saa 11
Tangawizi ndiyo yenye visa. Nikishaisaga na kuichuja, naiacha itulie nusu saa. Chini ya bakuli unatuama wanga mweupe, mzito kama chokaa. Namimina maji ya juu polepole, wanga unabaki. Ukiwa na haraka ukauchemsha pamoja, umepika uji. Maji hayo ndiyo nachemsha na maganda ya nanasi niliyosugua kwa brashi. Nyama ya nanasi wanakula watoto, maganda yanalipa. Ndimu naikamua mwisho, ikishapoa.

Ubuyu hauna makuu: maji vuguvugu, mwiko, koroga hadi mbegu zivue koti lake jeupe, chuja. Siuchemshi, maana vitamini C haipatani na moto.

Saa 12 asubuhi
Rozela kavu, ile inayotoka Dodoma, nimeichemsha na karafuu chache ikatoa wekundu wa kupendeza. Naimimina kwenye ndoo aliyoosha mtoto wa dada yangu. Inapogusa tu kingo za ndoo, naona mistari ya zambarau inashuka.

"Hii ndoo uliisuuza?"
"Niliisuuza, mama mdogo."
"Mara ngapi?"

Kimya. Rozela ina uchachu, ndiyo maana ni nyekundu. Ikikutana na sabuni inageuka zambarau. Angekuwepo mjanja angekamulia ndimu wekundu urudi, na hakuna ambaye angejua. Lakini sabuni ingekuwa bado imo. Lita 10 zikaenda mtaroni, majirani wakitazama. Sikumgombeza sana, kwa sababu kimya changu kinamuuma zaidi.

Saa 3
Chupa za nusu lita 56 zimepangwa ndani ya deli, barafu imezizunguka. Barafu haiingii ndani ya juisi yangu. Haina maana kuchemsha maji usiku kucha halafu utumbukize pande la barafu usilojua limegandishwa kwa maji gani. Bajaji hadi Keko, shilingi 3,000 baada ya kubishana.

Saa 5
Keko ni randa, misumeno na vumbi la mbao. Mafundi samani wana koo kavu tangu asubuhi, ndiyo maana nilihamia hapa.

"Shikamoo, Mama Juisi. Nyekundu iko wapi?"
"Marahaba. Leo hakuna, chukua ukwaju."
"Buku?"
"Buku."

Mzee mmoja wa vitanda ananiuliza kama ubuyu unashusha presha. Namwambia mimi nauza kinywaji, dawa za presha aendelee kumeza alizopewa. Najua wenzangu wanaobandika orodha ya magonjwa 12 kwenye deli. Wanauza kunizidi, sikatai.

Saa 7 mchana
Baada ya ubwabwa na maharage hapa pananoga. Chenji inanipotea, wengine nawaandika daftarini.

Saa 10 jioni
Zimebaki tano. Nafungua tangawizi moja nionje: kizibo kinasema *psss*. Joto limeichachusha. Zote mbili za tangawizi namwaga. Ubuyu tatu bado uko salama, unarudi kwenye friji kuwa barafu za watoto wangu. Mkononi nina 51,000 kasoro madeni ya daftari, na humo hazijatoka sukari, mkaa, chupa wala ile rozela ya mtaroni.

Saa 2 usiku
Naloweka ukwaju wa kesho. Uani nasikia maji yanamwagwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Natoka kuchungulia. Mtoto wa dada yangu amechemsha kikonzi cha rozela kwenye kikombe, anaidondoshea kijiko kimoja ndani ya ndoo, ameinama na tochi ya simu.

"Mama mdogo, njoo uone. Bado nyekundu."