Hasikii, halafu anasema unampigia kelele: siku yangu kwenye chumba cha kupima masikio

Saa 1 na nusu asubuhi nawasha mashine, navaa hedifoni mwenyewe na kusikiliza milio yote iko sawa kabla mtu hajaingia. Basi hapo hamna stori.

Saa 2 anaingia mzee, kaletwa na binti yake na binti amechoka kabisa. Ukiongea naye kawaida anasema "eeh?", ukipaza anafoka "mbona unanifokea, mimi kiziwi?" Binti anaona babake anajifanya. Wala hajifanyi, na kesi kama hii ndo naipenda kuliko zote.

Nikampima kuanzia mlio mzito wa hertz 250 mpaka ule mwembamba wa 8000. Milio mizito kaipata kwenye desibeli 25 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ila kule 4000 kimya mpaka nilipofika desibeli 60. Halafu nikapandisha pole pole aniambie inaanza kumkera wapi, akanyoosha mkono kwenye 95 hivi, ambapo hata mimi ingenikera. Yani sakafu, sauti ndogo kabisa anayoisikia, imepanda, ila dari, pale inapoanza kumkera, iko palepale, na maisha yake yote ya kusikia yamebanwa hapo katikati.

Binti akauliza inakuwaje. Ndani ya sikio kuna seli za vinywele, zile za safu za nje ni kama 12,000 kila sikio na kazi yake ni kukuza sauti ndogo, na hizo ndo huwahi kufa kwa kelele au umri. Sauti ndogo inakosa msaada inapotea, kubwa haikuhitaji msaada tangu mwanzo kwahiyo inaingia vilevile. Sikio zima ukiliongezea desibeli 10 linahisi sauti imekuwa kama mara 2, la mzee kwenye hiyo nafasi finyu linaona imeruka zaidi ya hapo. Na ukipiga kelele unakuza zaidi irabu ambazo alikuwa anazisikia, wakati anachokosa ni zile sauti nyembamba za s, f na t. Nikamwambia dada, msogelee, mtazame usoni, ongea taratibu, basi.

Saa 5, kijana, nta imeziba sikio. Huyu ni kinyume, kila kitu kimepungua kwa kiasi kilekile, kubwa na ndogo. Ikatolewa, akaenda zake.

Saa 8 mchana mama mmoja kaja na vifaa vyake vya kusikia kwenye pochi, kavivua zamani sana maana sahani zikigongana anahisi kichwa kinapasuka. Nikaviunganisha na kompyuta nikakuta vinaongeza kila sauti sawasawa, kama spika tu 😅. Kifaa kizuri kinabana: mnong'ono unaongezwa sana, maongezi kiasi, kishindo karibu hakiongezwi. Nikapanga upya, nikagonga kijiko kwenye kikombe, akakunja uso kidogo lakini hakuvua. Arudi baada ya wiki kadhaa, ubongo unahitaji muda kuzoea.

Saa 10 ni makaratasi. Watu wengi wanapima sakafu tu wanaandika wanafunga faili, mi hiyo naiona kazi nusu, maana atakayepanga kifaa atakisia dari na mgonjwa ndo atakayeumia. Kwahiyo kwa yule mzee nimeandika 95 kwa kalamu nyekundu, pembeni kabisa ya grafu, nikapiga na mstari.