Kompyuta Inayoganda Ikiachwa Peke Yake

Kompyuta yangu ya mpakato haifi kazini. Nikiipa video ndefu ya kuhariri, feni ikivuma na sehemu ya chini ikipata moto, inakwenda hadi mwisho bila kukwama. Nikiiacha kidogo nikasome kitabu, narudi nakuta skrini nyeusi, taa ya kitufe cha kuwashia bado inawaka, na hakuna ninachobonyeza kikaitikiwa. Inanibidi nikandamize kitufe hadi izime kabisa, kisha niiwashe upya. Ambacho sijakihifadhi kimekwenda na maji.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba halitazamiki. Nikiketi mbele yake kungoja igande, kidole kikigusa kipanya tu, hali niliyotaka kuiona inavunjika. Linatokea pale tu ambapo hakuna mtu.

Tukisikia kompyuta inazimazima, wengi wetu tunawaza joto na vumbi. Nilianzia huko ili kuondoa shaka, ingawa mashine yenyewe ilikuwa ikiganda ikiwa baridi. Nikaipima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, usiku kucha kwa programu ya MemTest86, haikuonekana hitilafu hata moja. Lakini majibu hayo yana mpaka wake. Programu ya kupima RAM huishughulisha mashine muda wote, kwa hiyo inathibitisha kwamba kumbukumbu inahimili kazi. Juu ya mapumziko haisemi neno.

Na mapumziko ya kompyuta, nimekuja kuelewa, yana shughuli nyingi. Kwa ACPI, kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta zilizotoka mwaka 1996, mfumo endeshi ndio unaosimamia sehemu gani ilale na lini. Kichakataji hushuka kutoka C0, hali ya kufanya kazi, kwenda hali za chini zaidi. Katika C6 kiini chake huhifadhi kilichokuwa kikifanywa, kisha umeme wake unaweza kukatwa. PCI Express, njia ya data inayoiunganisha diski na kichakataji, nayo hushuka kutoka L0, hali ya kazi, hadi L1, hali ya kupumzika. Diski ya SSD ya aina ya NVMe ina ngazi zake za umeme, na kwenye ngazi ya chini kabisa nyingi hutumia miliwati chache tu. Kichakataji chaweza kulala na kuamka mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila kuamka kunadai sehemu zote ziitikiane kwa wakati. Ni kama mchukuzi anayebeba magunia kutwa bila kuyumba, kisha akashikwa na kizunguzungu anapoinuka alipokuwa ameketi. Ukimpima akiwa na gunia begani, hutaona kitu.

Nilifungua orodha ya matukio ya Windows. Tukio nambari 41, Kernel-Power: mfumo umewaka upya bila kuzimwa sawasawa. Msimbo wa kosa: 0. Hakuna faili lolote lililoandikwa wakati wa ajali. Niliutazama ule utupu kwa muda mrefu. Mfumo ukikutana na kosa unaloweza kulitaja, huonyesha skrini ya bluu na kuandika taarifa diskini. Huu haukuandika. Huenda umeme ulikatika, lakini taa ilikuwa inawaka. Huenda kila kitu kiliganda kwa mpigo. Au mahali pa kuandikia ndipo palipotoweka: diski ililala na haikuamka, na daftari la matukio limo humo humo. Tangu hapo nikaishuku diski.

Nilijiwekea sharti la kubadilisha jambo moja kwa wakati na kuliandika. Tatizo linalokuja na kwenda lina hila. Ukigeuza mipangilio mitatu kwa pamoja na mashine ikatulia, hujui kilichoiponya, na pengine haijapona, imenyamaza tu. Nikaizuia kompyuta nzima isiingie usingizini kabisa. Ikaganda vilevile, basi usingizi wa kompyuta nzima hauhusiki, ingawa sehemu moja moja bado zaweza kulala. Nikatoa chaja, hali ile ile. Nikaacha muziki ukicheza kutoka diskini kwa sauti ya chini. Haikuganda, diski ikiwa na kazi! Sijui kama ninaweza kueleza furaha ya kurudi chumbani na kusikia wimbo bado unaendelea.

Ndani ya mipangilio ya juu ya umeme, chini ya PCI Express, kuna kipengele kiitwacho Link State Power Management, kinachoamua kama njia ile ishuke hadi hali ya kupumzika. Baadhi ya kompyuta hukificha, yangu inakionyesha. Nilikiweka Off, nikaiacha mashine usiku mzima bila muziki. Asubuhi ilikuwa hai. Wengine wangeishia hapo. Mimi nilikirudisha kwenye Maximum power savings, na kabla ya mchana ikaganda. Kuganda huko kulinifariji kuliko ule usiku wa salama, maana sasa ningeweza kulileta tatizo na kuliondoa nitakavyo.

Jambo hili si geni. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ina orodha ya diski ambazo haziruhusiwi kushuka hadi ngazi ya chini kabisa ya umeme, kwa sababu zilionekana kutoamka vizuri. Na ipo amri ya kuzuia ushukaji huo wakati wa kuwasha, nvme_core.default_ps_max_latency_us=0, kwa yeyote ambaye diski yake haimo katika orodha.

Mtengenezaji wa diski yangu ametoa programu dhibiti (firmware) mpya, ile inayoiendesha diski yenyewe. Nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu zoezi hilo likikatika katikati linaweza kuiua diski, kisha nikaiweka nikiwa nimechomeka chaja. Leo nimeirudisha Maximum power savings na kuiacha peke yake. Ikiganda tena, nitarudi kwenye Off na kuikubali ile betri itakayopotea, kwa sababu nahitaji kompyuta ninayoweza kuinuka na kuiachia kazi ikiwa wazi.